Elmi Wawili na Malori ya Griftu

Jumatatu, 12 Januari 2026

Garissa. Joto la kuua. Feni ya ofisi inazungusha hewa ile ile ya jana.

Bosi Mursal ametuita mimi na Nasteha mezani kwake. Anataka fremuweki imalizike mwezi huu. (Naeleza, endapo shajara hii itasomwa na wajukuu: fremuweki ni vipande vya programu tulivyoviandika sisi, ili anayetaka kujenga tovuti asianzie sifuri. Anaita amri yetu kwa jina, amri inafanya kazi. Kwa sasa inaendesha tovuti ya maji ya ukame. Mfugaji anaomba kwa simu, ofisi ya misaada inakubali, dereva wa lori anapata ujumbe, anaondoka. Bila ujumbe dereva hapewi mafuta.)

Kisha akaongeza jambo la pili. Mwezi ujao tutaikabidhi kwa vijana wa Wajir na Mandera wajenge mambo yao. Kuna binti wa Kutulo, Bishara, anataka kuitumia kwa soko la mifugo. Kwa hivyo amri zipewe majina ya kueleweka. Na sisi wawili atabaki mmoja tu, wa kuisimamia. Hakusema nani. Alinitazama mimi, akamtazama Nasteha, akatazama feni.

Nasteha alikuwa na orodha tayari. Mtu gani huja kazini Jumatatu na orodha? Pokea ombi. Kubali ombi. Tuma lori. Simamisha safari. Futa ombi. Akasema jina zuri ni lile ambalo mtu asiyekujua, yuko juani, simu inakaribia kuzima, akilisoma tu anajua litafanya nini.

Bosi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi pia nilitikisa, ili nisionekane napinga.

Nimelifikiria njia nzima. Kama amri inajieleza yenyewe, mimi nitamweleza nani? Miaka mitatu watu wanakuja kwenye kiti changu kuuliza. Wakiacha kuuliza, unga wangu umemwagika.

Jumanne, 13 Januari 2026

Nimepata dawa.

Abtirsi. Hesabu ya mababu. Kwetu mtoto huijua kabla ya kujua kufunga viatu. Mimi nilifundishwa na Eedo Ramlo, dada ya baba, huko kwenye ngamia wake karibu na Eldas. Nikiruka mtu mmoja, kijiti mguuni. Baada ya baba yangu anakuja Sugow, baba yake Eedo. Juu yake Elmi. Juu yake Gedi. Juu yake Elmi mwingine, maana Gedi alimpa mwanawe jina la baba yake. Juu kabisa Shire. Mababu watano. Amri tano. Hii si bahati, ni ishara.

Nimegawa kazi kwa tabia. Sugow hakuwahi kumfungia mgeni mlango, basi anapokea ombi. Gedi hakujua kusema hapana, anakubali. Shire alitembea mpaka alipofia, anatuma lori. Elmi mdogo alikuwa mtu wa subira, anasimamisha safari. Elmi mkubwa alikuwa mkali, hata ngamia walimwogopa. Anafuta.

Kompyuta haikubali majina mawili yanayofanana. Nimeweka Elmi_1 na Elmi_2. Kumwacha mmoja nje haiwezekani. Kumruka babu ni dhambi, na mguu wangu bado unakumbuka.

Nasteha akitaka kujua nani anafanya nini, atakuja kwenye kiti changu kama wengine.

Jumatano, 14 Januari 2026

Ushindi.

Nimempelekea bosi majina. Nikamwambia vijana wanasahau asili yao, angalau mashine ikumbuke. Alianza kukunja uso. Ndipo nikamtajia Elmi mkubwa. Ukoo wa bosi na wetu hukutana kwake, na nilikuwa nalijua hilo tangu Jumatatu. Uso ukakunjuka. Akauliza Elmi wetu amepewa kazi gani. Nikasema kazi nzito kuliko zote. Akafuta macho kwa kitambaa na kusema majina yabaki.

Nasteha aliomba ruhusa ya kusema. Akasema anawaheshimu wazee wangu wote, Mungu awarehemu, ila binti wa Kutulo akiona neno Gedi atajuaje la kufanya? Nikajibu atanipigia. Akauliza, na nikiugua? Nikasema mimi siugui. Akaniuliza kwa upole kama najua kwamba amri hizi zinabeba maji ya watu. Swali la dharau. Nikasema maji nimeyajua kabla yake.

Jumamosi, 17 Januari 2026

Nimeongeza urembo. Kila ujumbe unaokwenda kwa mfugaji sasa unataja jina la amri. Tarakimu nimeziondoa kwenye ujumbe. Nani amewahi kuona babu mwenye namba?

Mchana Eedo Ramlo akapiga simu. Ameomba maji ya kambi yake, ngamia ishirini na mmoja na mbuzi wa jirani yake Maka. Ngamia wana siku tisa hawajanywa na majani hakuna, wanatafuna vijiti. Anasema simu yake ililia, akampa mtoto wa Maka amsomee: Sugow amepokea ombi lako.

Kwenye simu nikasikia kama mtandao unakatakata. Kumbe analia. Akaniambia, Eedo (kwetu shangazi na mtoto wa kaka huitana hivyo hivyo), baba yangu amekufa miaka thelathini na leo amepokea ombi langu. Baadaye ukaja ujumbe wa Gedi kukubali. Amemtangazia kila mtu kambini kwamba maji haya yanaletwa na watu wake. Lori limepangwa Alhamisi.

Nilijisikia mtu mkubwa. Nimenunua sambusa nne nikala peke yangu.

Jumatatu, 19 Januari 2026

Vita.

Nimefika nikakuta karatasi imebandikwa ukutani, juu ya meza yangu kabisa. Mwandiko wa Nasteha, herufi kubwa. Sugow anapokea. Gedi anakubali. Shire anatuma. Elmi_1 anasimamisha. Elmi_2 anafuta, HARUDISHI. Amekaa wikendi nzima akasoma programu yangu mstari kwa mstari. Tena ameipigia mstari hiyo HARUDISHI kwa kalamu nyekundu.

Huu ni wizi. Siri ya ukoo ukutani, na mfagiaji anaisoma!

Nikangoja aende kuswali. Nikaibandua. Nilikuwa na sambusa mkononi zinavuja mafuta, nikazifungia humo. Aliporudi akautazama ukuta, akazitazama sambusa. Akasema tu kwamba ataiandika nyingine. Nikamwambia asijisumbue, yote yako kichwani mwangu.

Jumatano, 21 Januari 2026

Ni mtandao. Nitasema ni mtandao.

Saa tisa alasiri Halake alipiga simu kutoka Griftu, kwenye kisima ambako malori hujaza maji. Halake ni dereva wa lori la kwanza, Mborana, mtu wa maneno machache. Akasema jenereta ya kisima imekufa, fundi yuko njiani, maji yatatoka kesho alfajiri. Akaomba nisimamishe safari zote, za leo na za kesho, mpaka maji yatoke, kwa sababu za leo zisiposimamishwa kabla ya saa kumi mfumo utahesabu kwamba zimekwisha fanyika.

Jambo dogo. Nasteha alikuwa ametoka kumpeleka mamake kliniki. Bosi yuko Nairobi. Nikakaa. Nikaandika Elmi.

Mfumo ukauliza: yupi?

Hapo nikakwama. Mwenye subira ni Elmi mdogo. Mdogo ni wa kwanza au wa pili? Ukihesabu kutoka kwangu kwenda juu, mdogo ndiye unayemkuta kwanza. Lakini kwa kuzaliwa, mkubwa ndiye wa kwanza, na huwezi kumweka mtu mzima nyuma ya mjukuu wake. Nilihesabu vipi ile Jumanne? Kwa hesabu au kwa heshima? Nikatazama ukuta. Alama nne za gundi. Nikachakura pipa la taka. Karatasi ilikuwepo, mafuta yamekula wino wote.

Halake akapiga tena. Dakika kumi zimebaki. Nikajiambia mimi ni mtu niliyelelewa. Mkubwa hutangulia. Basi mkubwa ni wa kwanza, na mdogo ni wa pili. Nikaandika Elmi_2. Mfumo ukatoa onyo nililoliandika mwenyewe kwa majivuno: Je, una shaka na Elmi? Nikabonyeza hapana.

Maombi kumi na tisa yakatoweka kwenye skrini. Eldas yote. Griftu yote. Nikatafuta namna ya kuyarudisha. Hakuna.

Simu za wafugaji kumi na tisa zikalia kwa pamoja huko porini: Elmi amefuta ombi lako.

Baadaye, siku hiyo hiyo

Kamati ya ofisi ya misaada itakaa kesho asubuhi. Ikijua leo, inaweza kuyapitisha maombi upya kesho. Ikikosa kesho, ni mpaka Jumatatu. Namba ya katibu wao, Issack, ninayo. Nikaishika simu mara tatu.

Lakini nikimpigia, atauliza nani alifuta. Na bosi anarudi kesho kuchagua msimamizi.

Eedo Ramlo amepiga. Sauti ndogo. Akauliza kuna nini, babu yake Elmi amefuta maji yake? Elmi aliyefia kisimani akichimbia watu maji? Nikacheka, nikamwambia ni mtandao tu. Akauliza kama lori linakuja kesho. Akasema ukweli ndio anaoutaka, kwa sababu ngamia bado wana nguvu ya siku mbili za kutembea, na anaweza kuwapeleka sasa hivi kwenye kisima cha Griftu. Akichelewa hawataweza. Akasema, Eedo, niondoke au nikae?

Nikamwambia akae. Lori linakuja.

Sikuwa nimesema uongo kwa nia mbaya. Nilikuwa nimepanga kuandika maombi yote upya mwenyewe kesho, kimyakimya, kabla mtu hajajua.

Alhamisi, 22 Januari 2026

Nilifika mapema kuliko kawaida yangu. Nasteha alikuwa ameshafika. Bila shaka.

Alikuwa ameshika simu mkono huu na kalamu mkono huu. Wafugaji wamempigia yeye, sijui nani amewapa namba. Akaniuliza ni saa ngapi. Nikasema saa nne kasoro. Akasema hapana, ile ya jana, nilifuta saa ngapi. Nikasema saa kumi kasoro. Akasema kamati imekaa saa mbili asubuhi ya leo na sasa imeshaondoka. Akakaa chini. Sijawahi kumwona amekaa bila kufanya kitu.

Nikamweleza kuhusu mtandao. Akanionyesha skrini. Mfumo huweka kumbukumbu ya kila amri na aliyeiita. Shuaib, saa tisa na dakika hamsini na tatu, Elmi_2, sina shaka.

Kisha akaanza kuwapigia wote kumi na tisa, mmoja mmoja, na kuandika maombi upya. Nikamwomba anipe nusu. Alinipa saba. Namba ya Eedo ilikuwa kati ya zangu. Sikuipiga kwanza. Niliipiga mwisho, ikawa imezimwa.

Jumamosi, 24 Januari 2026

Nimempata Eedo kupitia simu ya dereva wa probox anayepita kambini. Bado yuko pale pale. Alikaa Alhamisi, akakaa jana, kwa sababu nilimwambia akae. Leo asubuhi alijaribu kuwainua waende Griftu. Kumi na saba walisimama. Wanne hawakusimama, na yeye hakutaka kuwaacha.

Mbuzi wa Maka wamekwisha, wamebaki watatu. Maka hamsemeshi. Amehamisha mkeka wake upande wa pili wa boma. Amesema kama maji yaliletwa na watu wa Ramlo, basi ni watu wa Ramlo walioyakata, na jina lao liko kwenye simu ya kila mtu. Eedo amewaapia kwamba Elmi hawezi. Wanamwonyesha ujumbe.

Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nimekula. Hilo lilinikata maini kuliko kama angenitukana.

Bosi amerudi. Nimemwepuka siku mbili kwa kupitia ngazi ya nyuma, kwenye duka la magodoro. Nimeandaa utetezi: karatasi ya Nasteha ndiyo iliyonichanganya. Ningekuwa sijaisoma, ningekumbuka vizuri.

Jumanne, 27 Januari 2026

Kamati ilipitisha jana. Halake aliondoka Griftu alfajiri. Saa tano alinipigia, yeye asiyependa kupiga. Akasema, bwana Shuaib, nimemwaga maji kwenye birika. Nikamuuliza wale wanne wakoje. Akasema aliwakuta wamelala wote wameelekea barabarani, upande lori linakotokea. Mmoja alikuwa bado anapumua. Wakamtilia maji mdomoni kwa kikombe, yakatoka.

Halafu akaniuliza Elmi ni nani, ili siku nyingine akikutana naye njiani amjue. Nikasema ni amri tu. Akakata simu.

Utetezi wangu niliutoa kwa bosi saa nane. Hakuumaliza kuusikiliza. Watu wa ukoo wake wamempigia kutoka Wajir wakimuuliza imekuwaje Elmi anawanyima watu maji wakati wa kiangazi. Nasteha ndiye msimamizi. Mimi nimebakizwa, chini yake, kwa sababu Nasteha ameomba nibakizwe. Amesema mtu aliyewahi kukosea hivi hatakosea tena. Nimemsikia kwa masikio yangu akisema hivyo.

Jumatano, 28 Januari 2026

Majina yote yanabadilishwa. Ili amri mpya iingie, ya zamani lazima ifutwe, na mfumo unataka anayefuta aandike jina kwa mkono wake.

Bosi alikataa. Akasema hawezi kuandika futa Elmi, atamwambia nini siku ya kiyama. Nasteha akasema si wazee wake, haoni ni adabu. Wote wawili wakanitazama.

Nikamfuta Shire. Nikamfuta Elmi mkubwa, bosi akatoka nje. Nikamfuta Gedi. Nikamfuta Elmi mdogo, mtu wa subira. Kwa Sugow nilikwama, nikamwona Eedo Ramlo akimsubiri mtoto wa Maka amsomee. Kisha nikamfuta na yeye. Nasteha akaniletea chai ya maziwa. Nimekunywa imepoa.

Saa tisa binti wa Kutulo alipiga. Alikuwa amefungua fremuweki mpya, Nasteha amemtumia mapema aijaribu. Akasema ameielewa yote bila kumuuliza mtu. Alikuwa anashukuru.

Ijumaa, 30 Januari 2026

Baada ya swala nilimpigia Eedo. Nilikusudia kuomba msamaha na nikaomba. Nikamwambia lile la mtandao lilikuwa uongo, kwamba ni mkono wangu, na Elmi hakufanya kitu. Nililia mbele ya duka la magodoro na watu wakiniona.

Akasema basi niwapigie Maka na wengine niwaambie hivyo hivyo, kwa sauti yangu. Nimeahidi. Nitafanya wiki ijayo.

Kisha akasema ana ombi. Yeye anazeeka, na majina ya ngamia wale wanne anayajua peke yake. Niyaandike mahali ili yasipotee. Nikachukua kalamu. Akayataja taratibu, kama alivyonifundisha abtirsi. Suuban, aliyezaliwa mwaka niliokwenda shule. Bilan, aliyelea mayatima. Deero, mkimya. Na Deero mwingine, binti yake, aliyepewa jina la mama kwa sababu hawakuachana hata siku moja. Hata mwisho walilala pamoja. Nimeandika yote. Nikamwapia kwamba hayatapotea.

Nimerudi ofisini macho mekundu. Nasteha alinionea huruma, au alitaka kuniamini, sijui. Amenipa kazi ya sehemu mpya ya fremuweki, ile ya kuomba msaada wa dharura mifugo ikianza kufa. Amri nne tu: tangaza dharura, ita daktari, simamisha msaada, funga ombi. Akasema majina yake niyachague mwenyewe. Akasema, Shuaib, wewe sasa unajua.

Nimekaa nikitazama karatasi yangu. Majina manne. Amri nne.

Hii si bahati.

Suuban anatangaza. Bilan anaita daktari, maana alikuwa na huruma. Deero_1 anasimamisha. Deero_2 anafunga. Eedo atafurahi sana. Na huku hakuna wa kuchanganya, kwa sababu huyu ni mama na huyu ni binti, na nani mwingine anayewajua zaidi ya mimi? Watu wa Kutulo wakikwama, watanipigia.